Sekunde moja ya tarehe 30 Juni iliyokwamisha kompyuta, na kwa nini wasimamizi wa saa za dunia wameamua kuiacha

Siku ya Jumamosi tarehe 30 Juni 2012, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikuwa ikisherehekea miaka 52 ya uhuru. Usiku ulipokuwa mkubwa, kulitokea jambo ambalo karibu hakuna aliyelitambua. Mjini Kinshasa saa za simu zilikuwa zikionyesha 00:59, na huko Goma, Bukavu na Lubumbashi zilionyesha 01:59. Dakika hiyo haikuwa na sekunde 60 kama dakika nyingine. Ilikuwa na sekunde 61.

Sekunde hiyo iliyozidi haikuongezwa kwa Congo peke yake. Iliongezwa kwa dunia nzima kwa wakati mmoja, kulingana na saa ya kimataifa inayojulikana kwa herufi UTC. Kwenye saa hiyo, baada ya 23:59:59, hesabu haikwenda moja kwa moja hadi 00:00:00. Ilipitia kwanza kwenye namba ambayo watu wengi hawajawahi kuiona: 23:59:60.

Watu walikuwa wamelala au wakimalizia sherehe. Kwa kompyuta, hali ilikuwa nyingine. Muda mfupi baadaye, tovuti ya Reddit nchini Marekani ilikwama. Mitandao ya LinkedIn, Foursquare na Yelp ilipata matatizo, na shirika la Mozilla nalo pia. Nchini Australia, ambako ilikuwa tayari asubuhi ya Jumapili, mfumo wa kuandikisha abiria wa kampuni ya ndege ya Qantas ulizimika. Wafanyakazi walilazimika kuandikisha abiria kwa mkono, mistari ikawa mirefu kwenye viwanja vya ndege, na safari zikachelewa.

Chanzo cha hayo yote kilikuwa sekunde moja. Hakukuwa na shambulio la wadukuzi wala waya uliokatika baharini. Miaka kumi baadaye, kisa hicho na vingine vilivyofanana nacho vilikuwa kati ya sababu zilizofanya wajumbe wa serikali mbalimbali kukutana Ufaransa na kuamua kwamba desturi ya kuongeza sekunde ifike mwisho wake. Lakini kabla ya mwisho huo kufika, dunia yenyewe imeanza kuzunguka kwa namna inayoweza kuleta tatizo jingine ambalo kompyuta hazijawahi kupambana nalo.

Saa mbili zisizokubaliana

Kwa maelfu ya miaka, mwanadamu alipima siku kwa jua. Mzunguko mmoja wa dunia ni siku moja, siku ina masaa 24, na sekunde ilikuwa sehemu moja tu kati ya 86,400 za siku hiyo. Dunia yenyewe ndiyo ilikuwa saa.

Hali hiyo ilibadilika katika karne ya 20. Mwaka 1955, wanasayansi Louis Essen na Jack Parry, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza, huko Teddington karibu na London, waliwasha saa inayotumia atomu za sesiamu. Saa hiyo haikutegemea jua wala nyota. Ilitegemea mtikisiko wa atomu, ambao haubadiliki. Mwaka 1967, sekunde ilipewa maana mpya ya kimataifa: muda wa mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133. Tangu hapo sekunde haitegemei tena mwendo wa dunia.

Tatizo ni kwamba dunia haizunguki kwa usahihi wa atomu. Mvuto wa mwezi huvuta maji ya bahari, na maji hayo huwa kama breki ndogo kwenye mzunguko wa dunia. Upepo, kuyeyuka kwa barafu na mwendo wa majimaji yaliyo ndani kabisa ya dunia navyo huongeza au kupunguza mwendo huo. Kwa muda mrefu siku inarefuka polepole sana, chini ya milisekunde mbili kwa kila karne. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu moja ya sekunde.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Sekunde haziongezwi kwa sababu dunia hupoteza sekunde nzima kila mwaka katika mwendo wake. Sababu ni kwamba sekunde ya atomu ililinganishwa na urefu wa siku ulivyokuwa katika hesabu za wanajimu wa zamani, hasa za karne ya 18 na ya 19. Ilipofika miaka ya 1970, siku halisi ilikuwa ndefu kuliko kipimo hicho kwa milisekunde mbili au tatu hivi. Ni kitu kidogo sana. Lakini milisekunde tatu kila siku, kwa siku 365, zinazidi sekunde moja. Ni sawa na mchuuzi mwenye mizani inayokosea gramu chache tu: kwa mteja mmoja hakuna anayegundua, lakini mwisho wa mwaka magunia yamepotea.

Mwaka 1972 nchi za dunia zilikubaliana kuhusu njia ya kati. UTC ingehesabiwa kwa saa za atomu, lakini isiachane na mwendo wa dunia kwa zaidi ya sekunde moja. Tofauti inapokaribia kiasi hicho, sekunde moja inaongezwa, ama mwisho wa Juni ama mwisho wa Desemba. Kazi ya kupima mzunguko wa dunia na kutoa tangazo ilikabidhiwa wataalamu, na leo inafanywa na idara ya kimataifa inayojulikana kwa herufi IERS, yenye ofisi katika kituo cha kuangalia nyota cha Paris. Kila miezi sita idara hiyo hutoa barua fupi inayosema kama sekunde itaongezwa au la.

Tangu 1972 hadi sasa, sekunde 27 zimeongezwa. Kumi na moja kati ya hizo ziliangukia tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wa Congo, ikiwemo ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1972, ile ya 2012 na ile ya 2015. Nyingine 16 ziliongezwa tarehe 31 Desemba. Ya mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba 2016.

Kompyuta haina nafasi ya sekunde ya 61

Mwaka mrefu wenye siku 366 hausumbui kompyuta kiasi hicho, kwa sababu una kanuni. Mwandishi wa programu anaweza kujua leo kwamba mwaka 2048 utakuwa na tarehe 29 Februari, na akaiandika mapema. Sekunde ya nyongeza haina kanuni ya namna hiyo. Inategemea dunia itakavyozunguka, na tangazo hutolewa miezi sita tu kabla. Programu iliyofungwa ndani ya mashine leo haiwezi kujua kama kutakuwa na sekunde ya 61 miaka mitano ijayo.

Kuna shida nyingine iliyo nzito zaidi. Kompyuta nyingi za dunia, kuanzia seva kubwa hadi simu za Android zilizo mikononi mwa watu, huhesabu muda kwa njia iliyorithiwa kutoka mfumo wa Unix. Ndani ya mashine hakuna Jumamosi wala Juni. Kuna namba moja tu inayopanda: hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kanuni ya hesabu hiyo inasema wazi kwamba kila siku ina sekunde 86,400, si zaidi wala pungufu. Siku iliyoongezwa sekunde ina sekunde 86,401. Kwa hiyo sekunde ya 23:59:60 haina namba yake.

Basi mashine inafanya nini? Mifumo mingi ilichagua kurudia namba. Sekunde ya mwisho ya siku inahesabiwa, kisha saa inarudishwa nyuma kwa sekunde moja, na sekunde hiyo hiyo inahesabiwa mara ya pili. Kwa mtazamo wa programu inayoendelea kufanya kazi, wakati umerudi nyuma.

Ili kuelewa hatari yake, mtu afikirie pesa zinazotumwa kwa simu. Mama aliye Bukavu anatuma pesa, na mashine inaandika kwamba zimetoka katikati ya sekunde ile. Mtoto wake aliye Uvira anazipokea nusu sekunde baadaye. Kama saa imerudishwa nyuma kati ya matendo hayo mawili, daftari la mashine linaweza kuonyesha kwamba pesa zilipokelewa kabla hazijatumwa. Binadamu akisoma daftari hilo atatabasamu na kusema kuna kosa. Programu haitabasamu. Inaweza kukataa malipo, kuyarudia, au kusimama.

Mashine hupata habari ya sekunde ya nyongeza kupitia mtandao. Njia inayotumika zaidi ni ile iliyobuniwa na mwanasayansi David Mills wa chuo kikuu cha Delaware, Marekani, katika miaka ya 1980, na inayojulikana kwa herufi NTP. Kompyuta huuliza saa kwa kompyuta nyingine inayoaminika, hupima muda ambao jibu limetumia njiani, kisha hurekebisha saa yake. Ndani ya jibu hilo kuna alama ndogo inayoonya: leo, mwisho wa siku, kutakuwa na sekunde moja zaidi. Mills alifariki mwezi Januari 2024, lakini mfumo wake bado unalinganisha saa za mamilioni ya mashine kila siku.

Mlinzi asiyeweza kulala

Kilichotokea usiku wa tarehe 30 Juni 2012 kilianzia kwenye Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Alama ya onyo ilifika vizuri. Saa ikafika, na kiini cha Linux kikairudisha saa kuu nyuma kwa sekunde moja kama ilivyopangwa. Kosa lilikuwa kwamba sehemu nyingine ya kiini hicho, ile inayoamsha programu zilizoomba kupumzika, haikujulishwa. Hiyo ilibaki ikiamini kwamba saa iko mbele kwa sekunde moja.

Programu za seva hupumzika mara nyingi sana. Moja inasema: niamshe baada ya nusu sekunde, nione kama kuna kazi mpya. Usiku huo, kila programu iliyoomba kupumzika kwa muda usiofika sekunde moja iliamshwa papo hapo, kwa sababu kwa hesabu ya mwamshaji muda wake ulikuwa umekwisha kupita. Ikaangalia, ikakuta hakuna kazi, ikaomba kulala tena, ikaamshwa tena. Ilikuwa kama mlinzi wa usiku anayeambiwa apumzike kidogo, lakini kila anapofumba macho mtu anagonga mlango. Mzunguko huo ulijirudia mara nyingi mno katika kila sekunde, na prosesa zikafanya kazi kwa nguvu zote bila kuzalisha kitu.

Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java na hifadhidata za MySQL ziliathirika sana. Kampuni ya Hetzner ya Ujerumani, inayokodisha seva kwa wateja wengi, iliwaarifu wateja wake kwamba matumizi ya umeme katika vituo vyake yalipanda kwa takriban megawati moja usiku huo. Umeme huo wote uliungua kwa ajili ya mashine zilizokuwa zikizungusha kazi isiyokuwepo.

Dawa ilikuwa rahisi hadi kuchekesha. Mafundi waligundua kwamba ukiiambia mashine iweke upya saa yake, hata kwa saa ile ile iliyokuwa nayo, sehemu mbili za kiini zinapatana tena na tatizo linaisha. Wengine waliwasha upya mashine zao tu. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, aliliambia jarida la Wired kwamba karibu kila mara sekunde hiyo inapoongezwa, kuna kitu kinachopatikana kikiwa na kasoro. Sababu yake inaeleweka: ni sehemu ya programu ambayo hutumika kwa sekunde moja tu, mara moja kwa miaka kadhaa. Kati ya mwaka 1999 na mwisho wa 2005 hakukuongezwa sekunde hata moja. Katika kipindi hicho intaneti ilikua sana, na mafundi wengi waliandika programu bila kuwahi kuiona dakika ya sekunde 61.

Kosa la alama moja

Baada ya 2012, makampuni yalijitayarisha vizuri zaidi. Tarehe 30 Juni 2015 sekunde nyingine iliongezwa, na madhara yalikuwa madogo. Lakini mwisho wa mwaka 2016 ulileta funzo jingine.

Mwaka mpya wa 2017 ulipoingia kwa saa ya UTC, sehemu ya seva za kampuni ya Cloudflare ya Marekani zilianza kukosea. Kampuni hiyo husaidia tovuti nyingi za dunia kupatikana haraka na salama. Moja ya programu zake ilikuwa ikipima muda ambao seva nyingine hutumia kujibu, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi angeifanya: saa ya kumaliza kutoa saa ya kuanza. Saa iliporudishwa nyuma, jibu likawa namba hasi. Kwa maneno mengine, seva ilionekana imejibu kabla ya kuulizwa.

Aliyeandika programu alikuwa amejikinga dhidi ya jibu la sifuri. Hakujikinga dhidi ya jibu lililo chini ya sifuri, kwa sababu hakuna aliyedhani wakati unaweza kurudi nyuma. Namba hasi ilipitishwa kwenye sehemu nyingine isiyoikubali, na programu ikaanguka.

Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kisa hicho hadharani, kwa kina. Ilisema kwamba wakati tatizo lilipokuwa kubwa zaidi, takriban asilimia 0.2 ya maombi ya kutafuta anwani za tovuti yaliathirika. Marekebisho yalihitaji kuongeza alama moja tu, ili sharti la "sawa na sifuri" liwe "sifuri au chini yake". Mashine nyingi zilizoathirika zilirekebishwa ndani ya dakika 90, na zote kabla ya saa 06:45 kwa saa ya UTC. Katika mwaka huo huo wa 2017, lugha ya programu ya Go, iliyotumika kuandika programu hiyo, ilibadilishwa ili kupima muda kwa saa nyingine ya ndani ambayo hairudi nyuma kamwe.

Hilo ndilo funzo ambalo mafundi wengi hulirudia mpaka leo. Kompyuta ina saa za namna mbili. Ya kwanza hujibu swali "sasa ni saa ngapi?" na inaweza kusogezwa mbele au nyuma. Ya pili hujibu swali "umepita muda gani?" na huenda mbele tu. Mwenye kupima muda kwa saa ya kwanza anajenga nyumba kwenye mchanga.

Kuinyunyiza sekunde

Kampuni ya Google ilichagua njia tofauti. Baada ya kuona baadhi ya mifumo yake ikisumbuka wakati wa sekunde ya mwaka 2005, wahandisi wake walijiuliza: kwa nini tuwaambie mashine jambo wasiloweza kulielewa? Kuanzia sekunde ya mwaka 2008, waliacha kabisa kuonyesha 23:59:60 kwenye seva zao. Badala yake, waliichukua sekunde hiyo na kuinyunyiza kidogo kidogo ndani ya masaa mengi.

Katika njia wanayoitumia siku hizi, saa hupunguza mwendo kuanzia mchana wa siku ya nyongeza hadi mchana wa siku inayofuata, kwa saa ya UTC. Kila sekunde ndani ya masaa hayo 24 inarefushwa kwa kiasi cha mikrosekunde 11.6, yaani chini ya sehemu moja ya elfu themanini ya sekunde. Hakuna programu inayogundua. Masaa 24 yakiisha, sekunde nzima imemezwa, na hakuna namba iliyorudiwa. Amazon nayo ilifuata mtindo wa kunyunyiza mwaka 2015.

Njia hiyo ni ya werevu, lakini ina kasoro yake. Si wote wanaonyunyiza kwa namna moja. Google hutumia masaa 24, kampuni ya Meta yenye Facebook ilieleza kwamba hutumia takriban masaa 17, na Microsoft katika baadhi ya matoleo ya Windows iliamua kuikubali sekunde ya 61 kama ilivyo. Katika siku hiyo moja, seva za makampuni mawili makubwa zinaweza kutofautiana kwa sehemu kubwa ya sekunde, na zote zikaamini kwamba ziko sahihi. Fundi anayechanganya kwenye mashine moja vyanzo vya saa vinavyonyunyiza na vile visivyonyunyiza huwa amejitafutia taabu.

Wapo pia waliochagua kutoitazama sekunde hiyo hata kidogo. Setilaiti za GPS za Marekani, ambazo husaidia simu kujua mahali zilipo, hazijaongeza sekunde yoyote kwenye saa yao tangu Januari 1980. Leo saa ya GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Setilaiti hutuma pia habari ya tofauti hiyo, na kipokezi kinaitoa kabla ya kuonyesha saa kwa mtumiaji. Mfumo wa Urusi, GLONASS, umefanya kinyume: unafuata UTC pamoja na sekunde zake zote za nyongeza.

Mabishano ya miaka mingi

Wazo la kuachana na sekunde ya nyongeza si jipya. Katika mikutano ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, suala hilo lilijadiliwa Geneva mwezi Januari 2012, miezi michache tu kabla ya usiku ule, na likaahirishwa. Likarudi mwaka 2015, likaahirishwa tena. Marekani na Ufaransa zilikuwa kati ya nchi zilizotaka iachwe. Uingereza ilikuwa kati ya zile zilizotaka ibaki, kwa hoja kwamba saa ya watu isikatwe na jua.

Mwezi Julai 2022, wahandisi wa Meta walichapisha andiko lililosema kwamba sekunde ya nyongeza sasa inaleta hasara kuliko faida, na kwamba 27 zilizokwisha kuongezwa zinatosha. Mwezi Novemba mwaka huo huo, mkutano mkuu wa vipimo ulioketi Versailles, Ufaransa, ulipitisha azimio: kufikia mwaka 2035 au kabla yake, tofauti inayoruhusiwa kati ya UTC na mzunguko wa dunia itapanuliwa, kwa kiasi kitakachoacha saa iendelee bila kuguswa kwa angalau miaka 100. Urusi ilitaka muda zaidi, kwa kuwa mfumo wake wa GLONASS unahitaji kubadilishwa. Mwisho wa 2023, mkutano wa ITU uliofanyika Dubai uliunga mkono mwelekeo huo.

Je, mkaaji wa Congo atahisi kitu? Jiografia ya nchi inajibu. Congo ni pana kiasi cha kuwa na saa mbili. Kinshasa, iliyo karibu na longitudo ya digrii 15 mashariki, inakubaliana vizuri na jua la saa yake. Lakini Mbuji-Mayi, iliyo karibu na digrii 23.6, inafuata saa ya mashariki inayotegemea digrii 30. Kwa hiyo jua linafika katikati ya mbingu huko takriban dakika 25 baada ya saa kuonyesha mchana kamili. Watu wa Kasai wameishi na dakika hizo 25 bila mtu kulalamika. Tofauti inayotarajiwa kujilimbikiza kwa karne nzima bila sekunde za nyongeza ni kama dakika moja.

Watakaohisi ni wengine. Wanaoelekeza darubini kwenye nyota, na wanaofuatilia setilaiti, wanahitaji kujua kwa usahihi dunia imegeuka kiasi gani. Baadhi ya programu zao ziliandikwa zikitegemea kwamba tofauti haizidi sekunde moja, na zitahitaji kuandikwa upya. IERS itaendelea kupima na kutangaza tofauti hiyo. Kitakachoachwa ni kuigusa saa ya watu wote kwa sababu yake.

Dunia yaongeza mwendo

Wakati binadamu wakibishana, dunia ilibadili tabia. Tangu karibu mwaka 2020, imekuwa ikizunguka haraka kidogo kuliko ilivyokuwa kwa miongo kadhaa. Tarehe 29 Juni 2022, mkesha wa sikukuu ya uhuru wa Congo, siku ilikuwa fupi kwa milisekunde 1.59 kuliko masaa 24 kamili. Tarehe 5 Julai 2024 rekodi hiyo ilivunjwa, kwa milisekunde 1.66. Ndiyo maana tangu 2016 barua za Paris zimekuwa zikisema hakuna sekunde ya kuongeza.

Mwendo huo ukiendelea, kanuni ya 1972 inaweza kudai kinyume: sekunde moja iondolewe. Saa ingetoka 23:59:58 na kuruka moja kwa moja hadi 00:00:00. Kanuni inaruhusu jambo hilo, lakini halijawahi kutokea hata mara moja. Mwezi Machi 2024, mtafiti Duncan Agnew wa chuo kikuu cha California, San Diego, alichapisha katika jarida la Nature hesabu zinazoonyesha kwamba sekunde ya kuondolewa ingeweza kuhitajika karibu mwaka 2029. Aliongeza jambo lililoshangaza wengi: ingehitajika mapema zaidi, karibu 2026, kama barafu ya Greenland na Antaktika isingekuwa inayeyuka. Maji yanayotoka kwenye ncha za dunia huenda kuelekea ikweta, na dunia hupunguza mwendo, kama mchezaji anayezunguka akinyoosha mikono yake. Kwa namna hiyo, joto la dunia limechelewesha kazi ya mafundi wa kompyuta.

Ucheleweshaji huo ni wa thamani. Sekunde ya kuongeza imejaribiwa mara 27, na bado mwaka 2012 na 2017 ilipata mahali pa kuumiza. Sekunde ya kuondoa haijajaribiwa kamwe kwenye mashine zinazoendesha benki, hospitali, ndege na simu. Programu nyingi zina sehemu iliyoandikwa kwa ajili yake, lakini sehemu hiyo haijawahi kufanya kazi nje ya majaribio. Mkutano mkuu unaofuata wa vipimo, uliopangwa mwaka 2026, ndio unaotarajiwa kupokea pendekezo la kanuni mpya na tarehe yake ya kuanza.

Hadi hapo, kanuni ya 1972 bado ni sheria. Barua kutoka Paris itaendelea kutoka kila miezi sita, yenye mistari michache tu. Wakaaji wengi wa dunia hawataisoma. Wanaotunza seva wataisoma hadi mwisho, wakitafuta neno moja: itaongezwa, itaondolewa, au hakuna.